Muhugu Uliokataa Kukonda

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru, ni saa nzuri, naisikia ikigonga jikoni kwangu Kinoo hata nikiwa sebuleni. Lakini ni nani aliyewashauri jamani? Mtu akishastaafu ndipo mnamkumbusha saa! Basi na mimi nawalipa kwa maandishi haya. Achieng, aliyerithi meza yangu, ndiye aliyeniomba. Anasema vijana wa maabara hawajui mikanda ya miti ilitoka wapi, wala kwa nini tunaamka mapema hivyo kama wauza maziwa. Nitaeleza. Anayetaka habari za nani alipandishwa cheo na nani alirukwa aende kantini, kule wanajua kunishinda.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, nikadhani kuchunguza miti na ukame ni kazi ya darubini na koti jeupe. Mzee Mutiso, mpimaji mkuu wa miti, akanitazama miguuni, akatikisa kichwa, akanirushia gambuti za mtu aliyekuwa likizo. Zilinipwaya. Nilishuka nazo bondeni nikiyumba kama bata, naye mbele yangu hageuki.

"Nyokabi," akaniambia, "hakuna mti utakuja ofisini kukuona. Wewe ndio utauendea."

Chombo chetu mnakijua, ingawa siku hizi mna vile vinavyotuma vipimo vyenyewe kwenye simu. Sisi tulikuwa na mkanda mwembamba wa chuma kisichoshika kutu. Unauzungusha kiunoni mwa mti, unashika ncha zake kwa springi, unaacha dirisha dogo la kupimia kwa kalipa, ile rula yenye taya mbili. Mti ukinenepa dirisha linapanuka, ukikonda linajifunga. Na mti hukonda, msicheke. Jua likiwaka, majani yanavuta maji kwenda juu na gogo linasinyaa kidogo. Usiku gogo linakunywa tena kutoka ardhini na kujaa. Ndiyo maana Mzee Mutiso alitaka kila kipimo kichukuliwe alfajiri, mti ukiwa umeshiba. Aliyepima jua likiwa juu alirudishwa bondeni kesho yake, na alichoandika kilipigwa mstari mbele ya wenzake.

Sheria yake ya pili ilikuwa ngumu zaidi: usiusaidie mti unaoupima. Usiupalilie, usiumwagilie maji, hata mchwa usiwaguse. "Ukiusaidia, utakuwa unapima huruma yako," alisema. Ya tatu ilikuwa kuandika unachoona, si unachotamani kuona, na kuandika pale pale. Kalamu yake ilining'inia shingoni kwa uzi. Alipima, akaandika kabla hajapumua, kisha ndipo akajifuta jasho. Mwezi wangu wa kwanza nilifunga ya kwangu shingoni pia, na haijatoka mpaka leo. Wajukuu wananicheka.

Miti yetu ilikuwa imetawanyika upande wa magharibi wa jiji. Mingine ilikuwa kwenye vipande vya msitu vilivyobaki mabondeni, kuanzia Muthangari mpaka nyuma ya Westlands, na mingine ndani ya nyua za watu Spring Valley, ambako waliojenga zamani waliacha miti mikubwa isimame. Ukitaka kujua tabia za watu wa Nairobi, fika kwenye geti lao kabla ya mapambazuko, useme umekuja kupima mti. Walinzi walinicheka sana. Mbwa hawakucheka.

Katika hiyo ya nyuani, niliopenda kupita yote ulikuwa muhugu mmoja mzee nyuma ya nyumba ya Mama Harjit. Muhugu mnaujua, mti wa msitu mkavu, mgumu ajabu, wachonga vinyago wanautafuta kwa udi na uvumba. Majani yake ni ya kijani juu na meupe chini, upepo ukipita mti unafanana na mtu aliyegeuza koti. Mama Harjit na mumewe walikuwa Masingasinga waliozaliwa hapa hapa, na mzee alikuwa na duka la vyuma mjini. Siku tuliyofunga mkanda aliukagua kibiashara, akaugonga kwa ukucha, kisha akainua mkono wake wenye bangili ya chuma, ile ambayo watu wa dini yao huvaa maisha yao yote na kuiita kara.

"Huyu sasa ni ndugu yangu," akatuambia, akiupigapiga muhugu. "Amevaa kara."

Mzee huyo aliugua miaka michache baadaye, akafariki. Nilienda kumpa mkewe pole, nikaendelea kuja kupima. Hatukuonana mara nyingi. Mlinzi alinifungulia gizani, na wakati wangu wa kupima ulikuwa wakati wa mama wa kusali. Nilisikia sauti yake dirishani, nikapima, nikaandika, nikaondoka.

Kisha mvua zikakosa. Zikakosa masika, zikakosa vuli, tukasema mwaka ujao, na mwaka ujao ukaja mikono mitupu. Mjini mijakaranda ilichanua miezi isiyo yake, watu wakapiga picha barabarani wakifurahia maua. Mimi nilipita nikaona homa. Maboza ya maji yalipanda na kushuka mtaani kutwa. Kule mabondeni mikinduri iliangusha majani yote, mimuiri ikakauka kuanzia kileleni, na mihugu, ambayo tuliisifu kwa ugumu, ikaanza kukonda mchana na usiku bila kujaa tena. Mikanda mingine ililegea mpaka springi zikafika mwisho. Nilibadilisha springi, nikaandika, nikaenda mti unaofuata. Alfajiri moja huko Muthangari nilimaliza mti wa mwisho, nikakaa chini nikalia kama mtoto. Hakuna anayekufundisha hiyo chuoni. Unaitwa mtaalamu wa miti na ukame, kumbe wewe ni karani wa msiba.

Mti mmoja tu ulikataa. Muhugu wa Mama Harjit ulianza kulegea mwanzoni mwa ukame kama wenzake, nikaubadilishia springi, kisha ukatulia. Wenzake walikonda, wenyewe ukasimama pale pale. Wenzake walikufa, wenyewe ukatoa maua. Nilirudia kipimo nikidhani macho yananidanganya. Nilibadilisha kalipa. Nikampeleka Daktari Wekesa, mkubwa wetu, akapima kwa mkono wake mwenyewe, akacheka peke yake gizani.

"Madam Nyokabi, huu ndio mti!" akasema. "Huu ndio mama wa msitu wa kesho!"

Tukakusanya mbegu zake kama watu wanaookota dhahabu. Miche ikaoteshwa. Mkutano ukapangwa katika hoteli moja mjini, waalikwe watu wa misitu kutoka kaunti zote, waambiwe kwamba kuna muhugu unaohimili ukame na kwamba watoto wake ndio wa kupandwa. Msidhani Wekesa alikuwa mjinga, mimi mwenyewe niliamini kumpita. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeandika vifo. Mti ule ndio jambo moja jema ambalo kazi yangu ilikuwa imenipa, na nililishikilia kwa mikono miwili.

Siku chache kabla ya mkutano nilisahau kalipa kwenye mizizi ya muhugu ule. Sijawahi kusahau chombo, lakini furaha nayo huleta usahaulifu. Nikarudi jioni, jua likiwa linashuka. Mlinzi akashangaa kuniona saa hiyo, akafungua. Nikazunguka nyumba, nikamkuta Mama Harjit amekunja miguu ya suruali yake mpaka magotini, ameshika mpira wa maji uliotoka chumba cha kufulia, ameuelekeza shinani.

"Mama! Unafanya nini?"

"Ai, beta, umeshtua mimi!" Aliniita beta, mtoto, tangu tulipojuana. "Naweka maji tu. Ya kufua, ya kuoga, ya kuosha mchele. Sabuni si mingi."

"Tangu lini?"

"Tangu kara yake ilishuka."

Sikumwelewa. Akazima maji, akaja karibu, akashika mkanda wetu kwa vidole viwili.

"Hii ilikuwa imelegea, imeanguka upande moja. Wewe ulikuja asubuhi, ukaweka springi mpya, ukaenda. Lakini mimi nilikuwa nimeona." Akashika kifundo cha mkono wake mwenyewe. "Baba Harjit vile alikuwa mgonjwa, mkono yake ilikuwa kama fimbo. Kara inatoka yenyewe, inaanguka kwa kitanda. Daktari anakuja, anapima, anaandika, anaenda. Kesho anakuja, anapima, anaandika, anaenda. Mimi nikasema huyu wa pili, hapana. Huyu nitapatia maji."

Kisha akainama, akavuta majani makavu kwa miguu akafunika mahali palipolowa, ili unyevu usitoroke. Majani yale yale niliyokuwa nikiyakanyaga kila alfajiri nikiona ardhi kavu!

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kumfokea mwanamke wa umri wa mama yangu. Kisha nikakaa kwenye mzizi. Sisi mabingwa wa alfajiri! Tulikuwa tumejenga kazi nzima juu ya saa ile moja tunayoiamini, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuja jioni. Mti ule haukuwa na ushujaa wowote. Ulikuwa na mtu wake, basi. Na mihugu ya bondeni ilikufa kwa sababu muhugu, ukinyimwa maji kwa muda mrefu, hufa. Hayo ndiyo matokeo ya utafiti, na nilikuwa nayo tayari tangu zamani.

Nilimpigia simu Mzee Mutiso, aliyekuwa amestaafu kwao Machakos.

"Mzee, muhugu wa Spring Valley unamwagiliwa maji."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona."

"Basi andika maji."

Asubuhi nilimwambia Daktari Wekesa. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akasema tu, "Mwambie aache. Kiangazi bado kipo. Akiacha sasa tutaona mti wenyewe unafanya nini."

Kitaalamu alikuwa sawa kabisa, nami ningemwambia hivyo hivyo kama ningekuwa kwenye kiti chake. Nikaenda. Mama Harjit alinikaribisha chai ya masala, akanisikiliza mpaka mwisho huku akikunja na kukunjua mtandio wake.

"Nikiacha, itakufa?"

"Pengine."

"Hiyo pengine yako, ungeweza kupatia mama yako?"

Nilitazama kikombe. Nilifikiria tumaini langu, ambalo lilikuwa limekwisha hata kama yeye angeacha, na nikafikiria tumaini lake, ambalo lilikuwa bado limesimama pale nyuma ya nyumba na majani yake meupe. Nikatoka nje, naye akanifuata. Nikatoa koleo kwenye mkoba, nikakata springi. Mkanda ukafunguka, ukaanguka kwenye majani makavu, na kiunoni mwa muhugu ukabaki mstari wa gome lililopauka.

"Sasa si wetu tena," nikamwambia. "Hatuupimi. Umwagilie unavyopenda."

Akauokota mkanda, akaupangusa kwa mtandio taratibu, uso kwa uso na mti.

"Hii nitaweka mimi," akasema. "Siku akipona, tutamrudishia."

Mkutano wa mjini ulifanyika, maana hoteli ilikuwa imeshapika chakula. Nilisimama mbele ya wageni wa kaunti zote nikasema hakuna muhugu unaohimili ukame kuliko wenzake, tulidanganywa na saa yetu wenyewe. Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akauliza kama chakula cha mchana kiko tayari. Ile miche tulikuwa tumeshawapa watu, ikapandwa ilivyopandwa, na mingi ilikauka kama miche mingine yoyote. Wekesa na mimi tulisalimiana "habari ya asubuhi" na hakuna zaidi, mpaka alipohamishwa.

Ninyi vijana, chukueni hili moja kutoka kwangu. Pimeni alfajiri, lakini nendeni na jioni, bila kalipa, mkiangalia tu nani anapita hapo na ana nini mkononi. Salimieni wenye nyumba. Sisi tulijua kiu ya kila mti na hatukujua jirani yake ni nani.

Mvua ilirudi ilipotaka, kwa fujo, ikavunja kuta na kubeba magari. Huko mabondeni iliikuta mihugu imeshakauka, ikailowesha bure. Ile michache iliyobaki haikupona vizuri, mpaka leo matawi yake ni makavu upande mmoja. Sikuwahi kuzoea kuipita. Watu husema muda huponya, mimi naona muda umenipa saa ya ukutani tu.

Muhugu wa Mama Harjit uliishi. Nilipita kwake jioni mara kwa mara, kama mgeni, tukinywa chai tukiutazama. Kila mara alinichokoza.

"Beta, amenenepa?"

"Siwezi kujua, Mama. Hauna mkanda."

"Macho je, haioni?"

"Macho si kipimo."

"Wee Nyokabi, wewe ni ngumu kuliko muhugu!" Alicheka mpaka akakohoa. Na mimi sikukisia hata siku moja. Ndivyo nilivyolelewa.

Kuna methali kwamba penye miti hapana wajenzi. Aliyeisema hakuwahi kufika Spring Valley. Mama Harjit alianguka bafuni akavunjika nyonga, na mwanawe Harjit akamhamishia kwake, fletini Westlands, penye lifti na watu wa kumwangalia. Simlaumu, ningefanya vivyo hivyo. Nyumba ya zamani ikauzwa. Mwezi ule ule wa kuondoka kwangu kazini, niliamka mapema kwa mazoea, nikajikuta nimefika kwenye geti lile. Halikuwepo. Palikuwa na mabati, na picha kubwa ya fleti zenye bwawa la kuogelea. Mlinzi alikuwa mpya, lakini aliniona mzee akanihurumia, akaniacha nichungulie. Muhugu ulikuwa umelala. Walikuwa wameukata jana yake. Nikaweka kiganja juu ya kisiki, kilikuwa bado kimelowa. Maji yalikuwa yanaendelea kupanda kutoka mizizini kana kwamba juu bado kuna mtu wa kuyapokea. Nilikaa pale mpaka mafundi wakaja na kuniomba nipishe.

Wiki iliyofuata nilienda kumsalimia Mama Harjit. Harjit alinifungulia mlango, akauvuta nyuma yake kidogo.

"Madam, kuhusu ule mti. Hatujamwambia," akaninong'oneza.

Nilimkuta amelazwa kando ya dirisha, kreni za ujenzi zikizunguka nje. Alikuwa amebaki kidogo sana. Kara yake ilikuwa imefungwa kifundoni kwa uzi mwekundu ili isianguke, na nilipouona uzi ule ilibidi nijifanye natafuta kiti. Alinishika mkono, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaingiza mkono chini ya mto akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye mtandio. Ulikuwa mkanda wetu, unang'aa kama siku ya kwanza.

"Sasa mvua imekuja," akasema. "Mimi siwezi kuenda kumwagia tena. Yeye amepona. Mrudishie kara yake."

Harjit alisimama mlangoni na trei ya chai, hasogei. Niliuchukua mkanda. Niliuzungusha mikononi.

"Hautamtosha tena, Mama," nikasema. "Amenenepa."

"Kweli?"

"Kweli. Itabidi tukate mrefu zaidi. Huu ukae na wewe."

Akafumba macho, uso wote ukalegea kwa furaha. Nikadhani amelala. Kisha akayafungua.

"Amenenepa ngapi?"

"Milimita nne."

"Umeandika?"

"Bado, Mama."

"Andika, beta. Nyinyi mnaandika hapo hapo."

Nikashika kalamu shingoni. Nikageuza bahasha ya dawa zake, nikaandika tarehe, mahali, jina la mti, na kipimo chake, mbele ya macho yake, kabla sijapumua.